Nimenunua betri nne ndani ya miezi minne, kumbe mchawi ni redio

Mimi kazi yangu nafaka. Nakusanya mahindi na alizeti vijijini huko Kongwa na Chamwino, naleta Dodoma mjini, na msimu ukikaa vizuri napeleka alizeti Singida kwa wakamuaji. Miaka yote nilikuwa nakodi gari, na aliyewahi kukodi gari anajua, unahangaika na shamba, unahangaika na magunia, mwisho wa siku faida inalala kwa mwenye gari. Basi mwaka jana mwezi wa tano nikasema potelea mbali, nikavunja hela ya kikoba, nikaongezea na ya baba watoto (ananikumbusha mpaka leo kila tukigombana), nikanunua Canter ya mkononi.

Tulienda kuiangalia mimi na shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ndo dereva wangu. Gari lilikuwa safi kwa macho. Injini 4D33, ile ya cc 4,214, pampu ya dizeli ya kizamani, hamna kompyuta wala mbwembwe, umeme wa volti 24 yaani betri mbili za 12 zimefungwa kwa kufuatana. Shemeji akapanda, akazungusha funguo, kitu kikawaka hapohapo. Tukaingia barabara ya Singida mpaka karibu na mizani ya Nala tukageuza, gari linavuta, halichemshi. Tukakubaliana bei, tukaandikishana, habari za kadi na TRA nazo zikaisha bila shida.

Sasa ngoja niwaambie vitu viwili tulivyoviona siku ile na tukavipita kama vipofu. Cha kwanza, tulipofika gari lilikuwa limeshapata moto. Muuzaji alisema "nimetoka kuliosha sasa hivi", na mimi nikaona ustaarabu, mtu ananioshea gari. Cha pili, lilikuwa limepakiwa kwenye kamteremko kadogo pembeni ya nyumba, pua imeangalia chini, jiwe kwenye tairi, wakati uwanja wa tambarare ulikuwepo tena mkubwa tu. Dereva yeyote mzee angeuliza, bosi, kwa nini unalaza gari mlimani? Mimi nilikuwa nahesabu hela.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, gari likagoma. Stata inazunguka, wee, wee, wee, afu inachoka, afu tik. Mwezi wa sita Dodoma asubuhi baridi linafika nyuzi 13 au 14, watu wa Mbeya watanicheka ila kwa dizeli ya zamani hiyo ni baridi ya kutosha. Vijana wa bodaboda wakaja wakasukuma, likawaka, likatoa moshi mweupe mtaa mzima ukakohoa, mchana kutwa likafanya kazi bila kosa lolote. Kesho yake hivyohivyo.

Kila mtu akasema betri. Jirani akasema betri, dereva akasema betri, mimi mwenyewe nikasema betri maana hata mtoto anajua gari lisipowaka ni betri. Nikanunua mbili mpya za saizi ya N70, hela iliyonitoka hapo ningeweza kununulia gunia kadhaa za mahindi. Likawaka safi wiki mbili. Wiki ya tatu tukarudi kulekule kwa bodaboda.

Tukaenda gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Fundi akasikiliza, akaniita "mama" kwa ile sauti ya kumtuliza mtu, afu kuanzia hapo akawa anaongea na shemeji tu utadhani mwenye gari ni yeye. Akasema jeneta haichaji. Nikamuuliza umejuaje. Akawasha gari, injini ikiwa inanguruma akachukua spana akachomoa kichwa cha betri. Injini ikaendelea kuunguruma. Akasema "unaona? inachaji." Dakika tano baadaye akasema sasa haichaji. Mimi nikabaki naangalia tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kile kipimo hakipimi kitu. Dizeli ya pampu ya kizamani ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuunguruma, kwa hiyo kutozima kwake hakuthibitishi chochote kuhusu jeneta. Na mbaya zaidi, betri ndo inayotuliza umeme wa jeneta, ukiichomoa ghafla injini inazunguka volti zinaruka juu na kuchoma katauti (kile kinachodhibiti chaji ya jeneta) au zile daiodi za ndani. Yaani jeneta yangu ilikuwa nzima ikaenda kufia kwenye kupimwa. Nikalipa katauti mpya, nikalipa na ufundi, nikashukuru na kushukuru.

Mwezi wa nane ndo nikapata somo lenyewe. Tulikuwa Kibaigwa sokoni, tumepakia gunia arobaini za mahindi, tumemaliza usiku, tukasema tulale tuondoke alfajiri. Utingo wangu ni kijana mzuri, hana shida, ila hawezi kulala bila muziki. Redio ikapiga usiku kucha, na simu tatu zinachajiwa humohumo kwenye kabini, ya kwake, ya shemeji na ya dada mmoja anauza chai ambaye aliomba tu kwa ujirani. Saa kumi na moja asubuhi shemeji anazungusha funguo, tik. Hata taa za dashibodi zikafifia zikazima.

Kusukuma Canter yenye tani nne mgongoni sio mchezo. Wabebaji wakaja kama kumi, wakaangalia mzigo, wakaangaliana, wakataja elfu thelathini. Nikalipa. Halikuwaka. Wakasukuma tena mpaka karibu na barabara kubwa, shemeji anaachia klachi gia ya pili, gari linashtuka linasimama, linashtuka linasimama. Mwisho tukabusti, yaani tukaazima umeme kwa waya kutoka betri za Fuso ya jamaa mmoja wa Gairo, nayo ikazungusha weee karibu nusu dakika ndo likakohoa likawaka. Yule dereva wa Fuso akatoa waya zake huku anasema kitu ambacho sikukitilia maanani: "Dada, betri zangu nzima hizi na bado limechelewa kuwaka. Hili gari lako halina shida ya betri peke yake." Nikaitikia tu. Nilivyofika Dodoma nikanunua betri zingine mbili. Ndo zikatimia nne.

Mwezi wa tisa mwanzoni mama mmoja tunayeuza naye nafaka akanipeleka kwa mzee mmoja Kizota, fundi umeme wa magari, amekaa chini ya mwarobaini na kiti cha plastiki na kisanduku cha spana, bango hana. Nikamsalimia Mbukwenyi, akafurahi, akaanza kunimwagia Kigogo mpaka nikamwomba arudi kwenye Kiswahili maana changu kinaishia kwenye salamu. Kitu cha kwanza alichofanya tofauti na wote, aliniuliza mimi. Sio shemeji. "Mama, linagoma saa ngapi? Asubuhi tu au hata mchana? Likigoma stata inazunguka kwa nguvu afu injini haishiki, au stata yenyewe haizunguki?" Nikagundua sijawahi kujiuliza. Nikamwambia vyote viwili mzee, linaanza na kile afu linaishia na hiki. Akacheka. "Basi una magonjwa mawili, na moja linamficha mwenzie."

Akachukua mita yake, ile ya njano, akapima betri zote mbili kwa pamoja kama wenzake wote walivyopima. 24.7. Akanionyesha. "Mtu yeyote hapa atakwambia betri safi." Afu akapima moja moja. Ya juu, ile inayopeleka chanya kwenye stata, 12.9. Ya chini, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, 11.8. Akanieleza kwamba betri ya 12 ikiwa imetulia bila kuchajiwa, ikisoma 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 11.9 hiyo imekwisha hata kama taa inawaka. Kwa hiyo nilikuwa na moja imeshiba na moja ina njaa, ukizijumlisha unapata jibu zuri. Mafundi watatu walipima gari langu na wote walipima jumla.

Tukabusti, likawaka, akapima tena injini ikiwa inachaji. Jumla 28.2, ambayo ndo inatakiwa kwa gari la volti 24. Ya juu 15.1. Ya chini 13.1. Akaniambia nusa pale. Nikainama, harufu ya yai viza. Ile ya juu ilikuwa inachemka, maji yanakauka, na ya chini haijai hata ufanyeje.

Afu akaanza kufuata waya kwa vidole. Hakuongea. Kutoka kwenye betri ya chini, kwenye chanya yake, kulikuwa na kawaya kembamba kekundu kamefungwa kwa utepe mweusi, kanapita chini ya kabini, kanapanda nyuma ya dashibodi. Akakakata kwa koleo. Redio ikazima.

Nikwambieni jinsi ilivyo, maana nimeshaona Canter na Fuso nyingi sana barabara hii zimefanywa hivi. Redio ni ya volti 12, gari ni la 24. Mtu anatafuta njia rahisi, anachomeka redio kwenye betri moja tu, ile ya chini maana hasi yake iko tayari kwenye bodi. Redio inapiga, kila mtu anafurahi. Ila sasa betri moja inaliwa na nyingine hailiwi. Ukija kuchaji, umeme ule ule unapita kwenye zote mbili kwa sababu zimefuatana kwenye mstari mmoja, jeneta haijui nani ana njaa, inaangalia jumla tu. Aliyeshiba anazidishiwa, mwenye njaa anapata makombo. Betri zangu mbili za kwanza hivyo ndivyo zilivyokufa, moja kwa njaa na mwenzie kwa kuvimbiwa. Na ukibadilisha moja tu ukaacha nyingine kuukuu ni hadithi ileile, mpya inaburuzwa na zee.

Dawa yake ni konveta ya kushusha 24 kuwa 12, inakula kwenye betri zote mbili sawasawa. Nilinunua kwa elfu arobaini na tano. Betri nne na konveta moja, pigeni wenyewe hesabu, mimi sitaki.

Zile betri za pili ziliokoka. Ya chini ikachajiwa peke yake kwa chaja ya ukutani usiku mzima mpaka ikalingana na mwenzie, ya juu ikaongezwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa. Mzee alisisitiza maji, sio asidi, na alisema kwa ukali kidogo kwa sababu utingo alikuwa ameshaanza kufungua chupa ya asidi.

Hapohapo akapima kitu kingine nilichokipenda sana. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma cha injini, akamwambia shemeji zungusha. Mita ikapanda mpaka 2.8. Nikadhani ni nzuri maana namba imepanda. Akasema hapana, hapa tunataka karibu na sifuri, hizo volti 2.8 zinapotea njiani hazifiki kwenye stata. Waya wa ethi, yaani ule wa hasi, kutoka chesisi kwenda injini ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi chache, na pale unapokaa palikuwa na rangi na grisi na vumbi la Dodoma limeshikana kama udongo wa nyumba ya tembe. Akaweka waya mpya, akapiga msasa chuma mpaka king'ae, akafunga, akapima tena. 0.3. Stata ikazunguka kama cherehani.

Nikasema tumemaliza. Nikaenda kwa mama ntilie nikala ugali wa uwele na mlenda nikiwa na roho nyeupe.

Asubuhi yake. Stata inazunguka kwa nguvu kabisa, ina afya, na injini haishiki. Sekunde kumi, kumi na tano, ishirini, ndo inakohoa. Maneno ya yule dereva wa Fuso yakanirudia. Zile betri, ukiacha mambo ya redio, zilikuwa zinafanyishwa kazi isiyo yake, kila asubuhi zinazungusha injini ambayo haina dizeli ya kuunguza. Na mzee alishanionya usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, pumzisha kama dakika, la sivyo unaichoma na stata.

Nikampigia. Akasema kesho usiwashe kwanza, piga ile pampu ya mkono ya dizeli mpaka iwe ngumu, afu ndo uwashe. Tukapiga kama mara thelathini, mwanzoni inaenda laini haina kitu, mwishoni ikakaza. Shemeji akagusa funguo tu, ikawaka. "Imekula upepo," mzee akasema kwenye simu, "njoo."

Kwa ufupi, usiku dizeli ilikuwa inarudi kwenye tanki kwa sababu hewa inaingia mahali, asubuhi bomba liko tupu. Mchana gari likisimama dakika chache haina muda wa kurudi, ndo maana linawaka vizuri. Shida ni kujua hewa inaingilia wapi, maana upande wa kunyonya hauvujishi nje, hauoni hata tone la dizeli chini, unavuta tu hewa ndani. Mzee akamtuma kijana kwa mafundi ujenzi jirani akaazime kipande cha ule mpira mweupe wanaopimia levo. Akaukata, akauunga katikati ya bomba la dizeli kabla ya pampu, akasema washa. Tukainama wote wanne tunaangalia. Dizeli inapita rangi ya chai ya rangi, na ndani yake vipovu, kimoja, viwili, afu msururu mzima kama soda.

Akafunga kidumu cha lita tano cha dizeli kwenye fremu ya kioo cha pembeni, akashusha mpira moja kwa moja mpaka kwenye pampu, tanki likarukwa. Tukaliacha lilale hivyo hapohapo. Asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Kwa hiyo pampu nzima, nozeli nzima, ubovu uko kati ya tanki na pampu, na hapo kuna mita chache tu za bomba za kukagua. Ubovu tuliukuta chini ya kabini. Mtu alishawahi kukata bomba akaunga kipande cha mpira, sio hata mpira wa dizeli, umekakamaa una nyufa kama kisigino cha kiangazi, na badala ya klipu amekaza kwa waya wa kufungia nondo. Asubuhi yenye baridi mpira unakakamaa zaidi, ule waya haushiki, hewa inapita. Muuzaji alikuwa analijua hilo, ndo maana tulikuta limeshapata moto, na ndo ule mteremko na lile jiwe kwenye tairi, likigoma analiserereshea chini liwake. Mpira mpya, klipu nne na washa za kopa vyote havikufika elfu ishirini.

Kuna fundi mwingine alikuwa ameshaniambia pampu ya dizeli ishushwe ipelekwe kupimwa Dar. Nilikuwa karibu kukubali.

Mengine ni madogo. Lilikuwa linatoa moshi mweusi likipanda na mzigo, nikafungua eya klina, lile chujio la hewa, nikakuta vumbi la kutosha kupanda mchicha, nikabadilisha ikaisha. Sasa hivi nina mita yangu mwenyewe, elfu ishirini na tano, inakaa kwenye mkoba pamoja na daftari la magunia. Kila Jumapili napima betri moja moja naandika. Wiki iliyopita ya juu 12.7, ya chini 12.7. Utingo anapiga muziki wake hadi saa nne usiku, tulikubaliana hivyo.

Kilichobaki ni kamoshi ka bluu asubuhi, dakika mbili hivi afu kanapotea, na oili inapungua kidogo kidogo. Mzee alikaangalia akanyamaza, afu akaniuliza alizeti mwaka huu itauzwaje. Nimeelewa, hiyo ni kazi ya hela. Itasubiri mpaka nivune.